Harusi ya Manjano

Dada yangu Nyamoita hakuwa mgonjwa. Naanza na hilo kwa sababu mwaka ule wa tisini na sita nusu ya Nyansiongo ilikuwa imeshaamua kwamba ni mgonjwa, na ushahidi wao ulikuwa kaseti ya video.

Harusi ilifanyika kwetu Nyamache, na kaseti ikatengenezwa Kisii mjini katika studio ya Lalit. Wakwe walipoitazama kwao Nyansiongo, bibi harusi akatokea wa manjano. Uso manjano, macho manjano, hata gauni lake jeupe likawa kama meno ya mvuta tumbaku. Majirani waliokuja kutazama wakanyamaza mle ndani, halafu wakatoka nje wakasema. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao watu hawakuutaja, waliukohoa tu. Ikasemwa Manasseh ameletewa mke mgonjwa, na mama yake Manasseh akaanza kumtengea Nyamoita kikombe chake peke yake. Lisemwalo lipo, majirani walimwambia, na kama halipo laja.

Nyamoita alinisimulia habari ya kikombe huku akicheka. Niliyelia ni mimi, kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa nina faida. Wazee wa ukoo wa Manasseh walikuwa wakutane Jumapili kuizungumzia ndoa hiyo, na kaseti ingetazamwa tena. Nikaichukua, nikatia mkobani glavu nilizovaa siku ya harusi nikiwa msimamizi wake, maana zilionekana kwenye picha na weupe wake niliujua, nikaenda mjini.

Fundi wa kaseti pale kwa Lalit alikuwa Owiti, kijana wa pande za ziwani. Aliitia kwenye mashine, na kwenye TV yake Nyamoita akatokea mzuri ajabu, uso wa kahawia, gauni jeupe pepe. Nikashika glavu kando ya kioo. Weupe mmoja.

"Sista, kaseti iko sawa," Owiti akasema. "Shida ni TV ya hao watu wenu."

Mtu mwingine angeomba radhi akaenda zake. Lakini mimi nilikuwa nimeyaona yale manjano kwa macho yangu Nyansiongo, na sikuja mjini kuambiwa habari za TV za watu. Nikamwomba tuijaribu kwenye TV nyingine. Akasema ana kazi nyingi. Basi nikaenda nikakalia kiti cha kupigia picha za kitambulisho, nikamwambia kuanzia sasa kila mteja atapigwa picha nikiwa nimempakata. Lalit alicheka mpaka akavua miwani, akamwamuru Owiti twende.

Duka la pili lilikuwa la Nishant, muuza redio na TV. Alituwekea kaseti kwenye TV alizozipanga rafuni, moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na kiza kidogo, nyingine ilikoleza mno, lakini hakuna hata moja iliyomwokoa dada yangu. Manjano, manjano, manjano. Nikainua glavu: glavu nyeupe, gauni manjano. Owiti akaichomoa kaseti mwenyewe.

Lakini mgala muue na haki mpe. Tangu hapo alifanya kazi kama aliyesingiziwa dada yake mwenyewe. Alikimbia akaleta kaseti ya kwanza, ile iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, akaiweka palepale kwa Nishant. Nyamoita akatokea mzima. Basi kamera haina kosa. Tukarudi studio akabadilisha waya, akanakili kipande kidogo, tukakipeleka kwa Nishant. Bado manjano. Waya hazina kosa. Tukarudi studio tena, kikabaki kisanduku chake cha vifundo vya kuzungusha, ambamo kila harusi ilipita ili arekebishe rangi kwa jicho, huku akitazama TV ya studio. Kifundo cha buluu alikuwa amekirudisha nyuma karibu kiishe.

"Lazima niipunguze," akasema. "Siku hizi kila harusi inakuja na buluu mingi."

Nikamuuliza hiyo buluu hutoka wapi, mbona kwa Nishant hatukuiona. Akanitazama, kisha sote wawili tukaigeukia TV ya studio, kaseti yetu ikicheza. Nilikaribia nikaigusa, na nilichokigusa hakikuwa kioo. Ilikuwa plastiki, imeningʼinizwa mbele ya kioo kwa vishikizo, safi kabisa, yenye ubuluu mdogo ambao huwezi kuujua mpaka uutafute. Nikaivua. Nyamoita akageuka manjano mbele yetu.

Aliyeiweka ni Padma, mama yake Lalit, aliyekuwa ameketi palepale kaunta. Aliinunua kwa mchuuzi mmoja aliyeapa kwamba inazuia miale ya TV kuua macho.

"Macho yake ilikuwa nyekundu kila siku," akasema, akimwonyesha Owiti. "Mimi nilimwonea huruma."

Hakuna aliyeweza kumkasirikia, hata mimi, na nilijaribu. Owiti alimshukuru, akaisukuma ile plastiki chini ya meza, akaanza kazi upya kutoka kaseti ya kamera. Lalit naye alishika kichwa akizikumbuka harusi zilizokwisha kwenda Marani na Nyamira zikiwa hivyo. Wenyewe hawakulalamika. Bila shaka kila mmoja alidhani TV yake imeharibika.

Jumapili sebule ya wakwe ilijaa, wazee mbele, sisi wanawake nyuma. Bibi harusi akatokea kwenye TV na uso wake wa kahawia na gauni jeupe, akicheka na meno yote. Wazee wakainama mbele. Mama Manasseh akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Kumbe msichana ni mzima," akasema, na wote wakaitikia kwamba kweli ni mzima, afya ni hiyo hapo inaonekana.

Nyamoita alikuwa amesimama mlangoni na birika. Tangu adhuhuri alikuwa akiwapitia mmoja mmoja, akiwanawisha mikono, akiwamiminia chai, na jua la dirishani likimwangaza usoni. Aliweka birika chini.

"Mama," akasema, bila kupaza sauti, "hiyo ni video. Mimi niko hapa tangu siku ya harusi."

Manasseh akainuka, akaizima TV. Ndipo walipogeuka wakamtazama.