Nafasi Kati ya Judy na Nguma

Saa nne asubuhi, mashuka ya ghorofa ya pili yakiwa bado mashineni, Mwanarehema alikalia ndoo ya sabuni aliyoipindua, akaandika ujumbe wa kuwaaga wenziwe, maana ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Alikuwa mkuu wa chumba cha dobi katika hoteli moja karibu na Shelly Beach, na amefua hapo miaka kumi na tisa. Meneja, Bwana Kimani, alitaka ujumbe usomwe saa ya chakula kisha ubandikwe ukutani.

Aliwashukuru watu kwa majina. Judy wa mapokezi. Agneta, msaidizi wake. Nguma wa bustani. Alipourudia, jina la Agneta halikuwapo. Mahali pake palikuwa peupe, na majina mengine yamekaa pale pale.

Hakushtuka. Macho yake yalikuwa yakififia tangu mwaka jana, na aliyejua ni Agneta peke yake. Kila asubuhi Agneta alimsomea lebo za nguo za wageni kwa sauti ya chini, kama wanaosengenya, na Mwanarehema akapanga. Yeye ndiye aliyemfundisha Agneta kazi alipotoka bara, akamlelea na mtoto wake.

Akaliandika tena, na tena. Kila mara wino ulikaa kiasi cha pumzi moja, kisha ukazama. Akamwita Judy.

"Nisomee hapa, mwanangu. Huenda ni macho."

"Si macho, mama. Hapa hapana kitu."

Judy akamwazima kalamu yake. Jina likazama. Nguma akaleta kalamu nene aliyoandikia mifuko ya mbolea. Jina likachelewa kidogo, nalo likaenda.

Mwanarehema akapanda ofisini, akamwomba Bwana Kimani amchapie. Kwenye kompyuta jina lilionekana vizuri. Karatasi ilipotoka, ilikuwa na nafasi ile ile. Bwana Kimani aliitazama, akamrudishia.

"Basi ibaki hivyo, Bi Mwanarehema. Ila Agneta angestahili kutajwa. Ndiye aliyetuambia habari ya macho yako. Alihofia utaungua na pasi, nasi tukaona bora upumzike."

"Aliwaambia lini?"

"Ramadhani ilipoanza. Kesho yeye ndiye atakayeshika nafasi yako."

Mwanarehema alikunja karatasi mara mbili. Alijihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta kimehamwa. Ramadhani yote Agneta alimsomea lebo. Mara tatu alikuja kwake kufuturu, akasifu mahamri, akaondoka na mengine ya mtoto.

Saa ya chakula alisimama mbele ya wenziwe akausoma ujumbe, ingawa kwa kweli aliusema kwa moyo. Alipofika kwenye nafasi ile alinyamaza. Watu wakangoja kwa adabu muda ambao jina lingechukua, kisha akaendelea. Walimpigia makofi mengi. Mpishi alifuta machozi kwa aproni.

Agneta akamjia, sahani mkononi.

"Dada, mbona mimi hukunitaja?"

"Nimekuandika mara saba, Agneta. Hukai."

"Nani alikwambia kuwa nilisema habari ya macho?"

"Bwana Kimani."

Agneta aliweka sahani chini. "Niliogopa, dada. Ungeungua, wangeniuliza mimi kwa nini nilinyamaza."

"Ungeniambia mimi kwanza."

Agneta alichukua kalamu ya Judy, akaandika jina lake mwenyewe katika ile nafasi, kwa herufi kubwa, safi. Wote wakaitazama karatasi. Jina likakaa. Nguma aliligusa kwa kidole, akakuta wino umeshakauka.

"Limekubali," akasema.

Bwana Kimani akaubandika ujumbe ukutani, kando ya zamu za wiki. Kila aliyepita aliusoma wote bila kukwama, na wengi walisema ni ujumbe mzuri.

Agneta alimsindikiza Mwanarehema hadi langoni. Kwenye ngazi alimshika mkono na kumhesabia vidato kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akimsomea lebo. Mwanarehema hakuviona vizuri vile vidato, kwa hiyo aliuacha mkono wake ushikwe.