Kalunguyeye Ahamia London

Hilary Thwaite alimwokota Clem Bickerdike ufukweni Scarborough, mvua ikinyesha, akiwachezea watoto wachache waliolowa kikaragosi chake: kalunguyeye mwenye maneno mengi aitwaye Tuppy. Hilary alikuwa ndiyo kwanza amefanywa mkuu wa vipindi vya watoto katika kituo cha televisheni mjini Leeds, na wenzake walimcheka.

"Mama, hiyo ni brashi ya choo iliyobandikwa macho," mmoja alimwambia.

Hakumjali. Alimpa Clem saa kumi jioni, watoto wakitoka shule, na haikupita miaka mingi kila nyumba Yorkshire ikawa inamjua Tuppy. Clem alipoanza kulewa kazini, Hilary ndiye aliyemsitiri. Mkewe alipomkimbia, Krismasi alikula mezani kwa Hilary.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, Roland Fenby, aliyetaka katuni za bei rahisi kutoka nje. Kikaoni Hilary alisimama.

"Ukimtoa Clem, nitoe na mimi."

Fenby alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko ambavyo hasira ingemtisha.

"Hilary, kwani hujaambiwa? Clem anahamia London. Ameshatia saini."

Watu wakainamia vikombe vyao vya chai.

Alimkuta Clem chumba cha vipodozi, akimchana Tuppy miiba.

"Ni kweli?"

"Ningekwambia, dada. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Nimetoka kuitoa kazi yangu sadaka kwa ajili yako. Mbele ya watu!"

"Nani alikutuma?" Kisha akalegeza sauti. "Samahani. Lakini London ni London, bwana."

"Wanajua kwamba kipindi tulikitengeneza wawili?"

"Wanajua. Waliniuliza kama nataka uje nami."

"Ukasemaje?"

Clem alimlaza kalunguyeye chali, akaendelea kuchana. "Nikasema nimechoka kuchungwa."

Hilary hakulia pale. Alilia ndani ya gari, injini ikinguruma ili mlinzi asisikie.

Fenby alimhamishia vipindi vya mchana: mapishi, bustani, wanawake wawili kwenye sofa wakiwasema waume zao. Wengi walidhani amezikwa. Lakini alivipalilia mpaka wastaafu na akina mama wenye vichanga wakawa hawabanduki mbele ya runinga. Ila nyumbani kwake hakumkaribisha tena mfanyakazi yeyote.

London ilipomchoka Tuppy, Clem alitokea mapokezi akiwa na begi, amezeeka ghafla.

"Dakika tano tu za mchana, dada. Watu bado wanatukumbuka."

"Ratiba imejaa."

Haikuwa imejaa, na Clem alijua. Akafungua zipu ya begi.

"Usimtoe," Hilary alisema haraka. "Tafadhali, Clem. Usimtoe humo."

Akapanda ngazi bila kuaga. Juu, kikao kilikuwa kinamngoja yeye. Walikuwa wakimjadili mtangazaji mpya, binti mchangamfu aliyependwa na kila mtu, ambaye tangu aje alikuwa akimwita Hilary shangazi.

"Tumpe mkataba wa miaka mitatu?" wakamuuliza.

"Mwaka mmoja," akasema Hilary, akivuta kiti. "Na mwambieni jina langu ni Bi. Thwaite."