Moshi Utaangukia Wapi

Mpimaji wa maji aliketi upande wa kushoto wa meza, na baba yake mzazi aliketi upande wa kulia. Kati yao palikuwa na jagi la maji, vibendera viwili na mpaka wa nchi. Utaratibu wa mkutano ulikataza wataalamu wa pande mbili kuzungumza wao kwa wao: kila mtu aseme na mwenyekiti, naye mwenyekiti ndiye aseme na upande wa pili. Kwa hiyo tangu asubuhi baba na binti walikuwa wakipishana kwenye korido kama watu waliokosana, wakiitikiana kwa kichwa tu. Ujinga mtupu, ukiniuliza mimi, lakini ndivyo serikali zinavyoogopana.

Baba alikuwa fundi mkuu wa kujenga dohani. Mjini kwao walimwita Mzee Dohani, na jina hilo alilipenda. Mji wao ulikuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilicholisha nusu ya nyumba zake na kuzikohoza zote. Zamani dohani ya kiwanda ilikuwa fupi. Moshi ulitoka juu, ukashuka chini, ukakaa mitaani kama mgeni asiyejua kuaga. Nguo zilizoanikwa zilianuliwa chafu kuliko zilivyokuwa kabla ya kufuliwa. Kitinda mimba wa nyumba yao, mdogo wake mpimaji, kifua kilimshinda kabla hajaanza shule. Alikata roho mapajani mwa mama yake, katika majuma ambayo upepo uligoma kabisa kuvuma.

Hakuwa mtoto wa kwanza kuzikwa namna hiyo, ila baada yake wazazi walichoka. Walienda serikalini wakakaa mlangoni mpaka wakasikilizwa, na nchi ikatunga sheria yake ya kwanza kuhusu moshi. Sheria ilisema moshi usifike mitaani. Haikusema uende wapi. Kazi ya kuitekeleza akapewa baba aliyefiwa, naye akajenga dohani ndefu ambayo hata waliokaa mbali na mji waliiona. Hewa ikatakata, watoto wakakua. Kwake yeye lile halikuwa jengo. Lilikuwa kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumfanyia mwanawe.

Binti alikua katika hewa hiyo safi, akasomea mambo ya maji, akaolewa ng'ambo ya milima, katika nchi jirani. Ukweni kwake waliishi kando ya ziwa na kula kwa jasho la nyavu. Miaka ilivyokwenda, maji ya ziwa yalianza kung'aa, mtu akawa anaona mawe ya chini kabisa. Wageni walisifia. Yeye hakusifia, maana alijua maji yanakuwa hivyo pale ambapo hakuna kinachoishi ndani yake. Nyavu zikaanza kutoka tupu. Akapima mvua, akakuta ina tindikali. Akafuatilia upepo unaoleta mvua hiyo, ukampeleka hadi milimani, ukavuka milima, na hapo hakuhitaji kuelezwa na mtu yeyote mwisho wa safari hiyo ni wapi. Alilia siku hiyo. Kisha akapiga moyo konde, akaieleza serikali ya mumewe alichokiona.

Ndiyo sababu ya mkutano huu. Upande wake ulitaka kiwanda kifungiwe mtambo wa kusafisha moshi kabla haujatoka. Ziwa lao lilikuwa limeshakufa, lakini yalibaki mengine yenye samaki, na mtambo usipofungwa yangefuata. Mama mkwe wake, mama asiye na maneno mengi, alimuaga mlangoni kwa kumwambia asirudi na hotuba, arudi na samaki.

Saa nzima waziri wa upande wa baba alieleza jinsi mtambo huo ulivyo ghali. Alieleza vizuri, kwa sauti ya upole, mpaka watu wakaanza kusinzia. Halafu akasema ana njia nyingine. Dohani iongezwe urefu, nusu ya ilivyo sasa. Moshi utapanda juu zaidi, utashika upepo wa juu, na utapita juu ya maziwa ya jirani bila kuyagusa.

Kiongozi wa ujumbe wa binti, waliyemwita Bwana Taratibu kwa jinsi asivyopenda kuharakishwa, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mkutano uanze. Akamwinamia mpimaji.

"Si tumeshinda hapo?" akanong'ona. "Utatupita. Mama mkwe wako atavua. Unataka nini tena?"

Tusifiche: kwa muda mfupi mpimaji naye alifurahi. Aliziona nyavu zikitoka nzito, akamwona mama mkwe akipanga samaki kwenye mabeseni, na moyo wake ukasema sawa, iongezwe. Baadaye furaha hiyo ilimtia aibu kuliko jambo lolote alilowahi kulifanya. Lakini alikuwa nayo.

Waziri akamgeukia baba, akamuuliza kama inawezekana. Baba akasimama polepole, mkono mmoja mezani.

"Inawezekana," akasema. "Msingi utabeba."

Kalamu zikaanza kutolewa mifukoni. Bwana Taratibu, kinyume cha jina lake, alikuwa wa kwanza. Mpimaji akajua kwamba zikigusa karatasi hakuna atakayezirudisha. Akanyoosha mkono, mwenyekiti akampa nafasi, naye akamruka mwenyekiti mzimamzima.

"Baba, utaangukia wapi?"

Mwenyekiti akagonga meza. Waziri akakumbusha utaratibu. Baba alikuwa bado amesimama, akimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ukutani palitundikwa ramani iliyochorwa kwa ajili ya mkutano, nchi mbili, moja ya kijani na moja ya njano. Baba aliiendea. Akaweka kidole kwenye mji wao, akakivusha milima, akakipitisha taratibu juu ya maziwa, upande uendao upepo. Kikafika mwisho wa njano. Hakukisimamisha. Kidole kikaingia kwenye karatasi nyeupe, kikaenda kidogo, kikatua.

"Hapa," akasema.

"Hapo hapana kitu, fundi," waziri akasema.

"Pana watu. Ramani yetu ndiyo imeishia." Akamgeukia binti yake, si mwenyekiti. "Nilipomzika mdogo wako niliapa asizikwe mtoto mwingine kwa moshi ule. Nilidhani nimetimiza. Hii mimi sijengi."

Waziri alimwambia, kwa sauti ileile ya upole, kwamba basi hana tena kazi katika ujumbe huo. Baba aliitikia kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Akachukua koti lake, akapita nyuma ya kiti cha binti yake, akamwekea mkono begani, akatoka. Hakuna aliyethubutu kugonga meza.

Mpimaji alitamani kumfuata. Lakini angetoka, asingebaki mtu upande wake wa kueleza upepo na mvua, na kalamu zilikuwa bado mezani. Akabaki, machozi yamemlenga, akisubiri. Hatimaye Bwana Taratibu akarudisha yake mfukoni. Labda aliona haya, labda aliogopa magazeti. Akasema upande wake hautatia saini mpaka wale wa kwenye weupe nao waje waketi. Waziri, ambaye sasa hakuwa na wa kumjengea, akaafiki. Ikakubaliwa nchi hiyo ya tatu ialikwe, na mezani yaletwe mazungumzo ya kusafisha moshi, siyo ya kuuhamisha.

Mwenyekiti akataka kutuma ujumbe papo hapo. Akauliza nani kule anashughulika na maji, au na hewa: jina, ofisi, mtu yeyote wa kuanzia.

Wajumbe walitazamana. Robo saa iliyopita walikuwa tayari kuwanyeshea watu wale tindikali, kwa mihuri na kwa heshima zote. Mwenyekiti aliuliza tena. Katika chumba kile kizima, hakupatikana aliyemfahamu hata mmoja wao.