Ukuta wa Upande wa Bomba

Kalinga alichanganya saruji na mchanga ndani ya kopo la rangi, akatia maji kidogo, akaubandika mchanganyiko ule juu ya ufa. Kiraka hakikuzidi ukubwa wa kiganja. Kabla hakijakauka aliandika tarehe juu yake kwa ncha ya msumari, kisha akarudi nyuma hatua chache kukitazama.

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo?" aliuliza Bibi Bertha. Alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda, amejifunga khanga mbili juu ya sweta.

"Si dawa, bibi. Ni cha kutuambia. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na ukuta umetulia. Kikipasuka, ukuta unatembea."

"Ukuta wa Rabson utembee uende wapi?"

Rabson alikuwa mumewe. Alilifyatua mwenyewe kila tofali la nyumba ile, matofali ya udongo yasiyochomwa, akaijenga kwenye mteremko chini ya mawe makubwa, mahali ambapo mji wa Iringa ulikuwa bado haujafika. Baadaye mji ulifika. Upande wa chini wa nyumba, pale alipokuwa akilima maharage, sasa palikuwa na njia nyembamba ya watu waendao bombani. Ukuta wenye ufa ndio uliosimama kando ya njia hiyo. Kwa ndani ulikuwa ukuta wa chumba alicholala Bibi Bertha tangu alipoolewa.

Kalinga alikuwa afisa afya wa kata, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, mambo ya majengo nayo yalikuwa juu yake. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alining'iniza timazi kutoka kwenye pembe ya paa, akangoja jiwe la uzi litulie, akapima kwa vidole nafasi iliyobaki kati ya uzi na ukuta.

"Umetoa tumbo kwa nje," alimwambia Juliana, binti wa Bibi Bertha, aliyekuwa amemshikia ngazi. "Kidogo, lakini umetoa."

Juliana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akifikiria kitanda cha mama yake, ambacho mto wake ulikuwa umeegemea ukuta huohuo.

Walipoingia kibarazani Kalinga alitoa karatasi. "Sheria ndogo ya matunzo ya majengo ina maneno mawili, bibi. Kuna jengo chakavu. Hilo mmiliki anapewa muda, anakarabati, yamekwisha. Halafu kuna jengo hatarishi." Akasoma polepole. "Jengo ambalo kwa hali yake laweza kuleta madhara kwa mkaaji au mpita njia. Hilo halisubiri. Wakaaji wanatoka, mhandisi anakuja, linabomolewa."

"Na mimi ni nani humo? Mmiliki au mkaaji?"

"Kiwanja kina jina la nani?"

"La Rabson."

"Mirathi mlifungua?"

"Tulimaliza matanga, tukagawana makoti yake. Basi."

"Basi kwa karatasi mmiliki ni marehemu. Wewe ni mkaaji."

"Haya. Notisi mpelekee yeye. Amelala Kilolo, msalaba wake wa bluu, huwezi kupotea."

Kalinga alicheka bila kutaka. Juliana hakucheka. "Kwa hiyo sisi ni lipi, baba? Chakavu au hatarishi?"

"Leo nimeandika chakavu. Siwezi kuwatoa watu ndani ya nyumba yao kwa ufa ambao pengine una umri wako. Nitarudi baada ya Krismasi nikiangalie kiraka. Ila wewe kiangalie kila siku. Kikipasuka, usiningoje. Njoo ofisini."

Juliana alikiangalia. Alikuwa muuza nyanya, mtu wa kuamka mapema, na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alizunguka upande wa bomba akakigusa kile kiraka kwa kidole. Wanawake wenye ndoo walimsalimu wakipita. Eveline, jirani wa nyumba ya tatu, alimtania. "Shoga, ukuta umekuwa mchumba? Kila asubuhi unaupapasa."

"Nani mwingine atanivumilia?" Juliana alijibu, na Eveline akaenda zake akicheka, ndoo ya njano ikimgongagonga kwenye goti.

Mvua za kwanza zilinyesha, zikakatika, zikarudi. Asubuhi moja kidole cha Juliana kilikuta mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukikata tarehe katikati. Kesho yake ulikuwa umepanuka kiasi cha kupitisha ukucha.

Hakwenda ofisini. Alimpigia simu kaka yake Shedrack, mwenye duka la nguo Mwanjelwa, kule Mbeya. Nyuma ya sauti yake zilisikika honi na mtu akinadi mashuka.

"Umemwambia nani?" Shedrack aliuliza.

"Wewe."

"Basi iishie hapo. Sikiliza, Juli. Wakiandika hilo neno hatarishi, nyumba imekwenda. Na ikishakwenda, hawatakuruhusu kujenga tena mteremkoni pale. Ramani haipiti. Mama utampeleka wapi? Kwangu amekataa, unajua alivyosema mara ile."

"Alisema Mbeya kuna kelele."

"Alisema afadhali afe. Ngoja nije Pasaka. Nitaleta fundi, tutaweka nguzo za zege pale kwa nje."

"Pasaka ni mbali, kaka."

"Ukuta umesimama tangu hujazaliwa. Hautashindwa kufika Pasaka."

Juliana alijaribu kwa mama yake. Alimwonyesha kiraka, akamshika mkono na kumwekea kidole kwenye ufa. Bibi Bertha alipapasa, akafuta kidole kwenye khanga. "Baba yako alifia chumba kile," alisema. "Wakinitoa mimi, wanamtoa na yeye." Hakutaka kuzungumza zaidi, na Juliana hakumlazimisha. Alijiambia kwamba angekwenda ofisini wiki ile ikiisha. Biashara ya Krismasi ilikuwa imeanza, na watu walitaka nyanya.

Siku aliyokwenda Ilula kufuata mzigo, tangazo lilipita mtaani kwa kipaza sauti. Kila nyumba inayoonekana barabarani au njiani ipakwe, kuta zisafishwe, sikukuu ikikuta nyumba chafu itahesabiwa kuwa kero na mwenyewe atatozwa faini. Akina mama wa jumuiya walilisikia wakiwa kwenye sala. Bibi Bertha alikuwa mkubwa wao, na kila mwaka kabla ya Noeli walikuwa wakimsiribia nyumba kwa udongo mweupe wa korongoni. Hawakuhitaji kuambiwa. Walikuja na majembe, mabeseni na majivu, khanga viunoni, wakiimba, Eveline mbele yao.

Juliana aliporudi jioni akiwa juu ya gari la mizigo, aliiona nyumba kutoka mbali. Iling'aa. Mistari miwili ya udongo mwekundu ilikuwa imechorwa chini kabisa, kuzunguka pande zote, kama pindo la gauni. Alishuka, akaacha matenga yake barabarani, akaenda moja kwa moja upande wa bomba. Ukuta ulikuwa laini kama yai. Alama za viganja zilionekana bado, viganja vya wanawake, juu mpaka dirishani. Hapakuwa na ufa. Hapakuwa na kiraka.

Eveline alikuwa akinawa mikono kwenye beseni. "Umeona kazi? Mama ameagiza tuanzie huku. Tumekuta na kidonda cha saruji, nimekipiga tabaka mbili, hata ukitafuta hukioni."

"Asante, dada," alisema Juliana. 

Ndani, Bibi Bertha alikuwa akinywa uji.

"Umewaambia waanzie kule," Juliana alisema.

"Si wametangaza wenyewe kwamba nyumba zipakwe? Nimetii."

"Mama."

"Sasa huyo Kalinga hana cha kusoma."

Juliana aliketi. Kwa muda mrefu aliitazama ile miguu ya mama yake, iliyovimba kidogo kwenye vifundo. Kisha alisema kwa upole, "Nitanyamaza. Lakini hulali tena chumba kile. Kitanda chako kinahamia sebuleni leo hii. Ukikataa, asubuhi nakwenda kwa Kalinga."

Bibi Bertha alimaliza uji wake. "Msalaba wa baba yako, ule wa ukutani, nao uhame," alisema hatimaye. "Uwe juu ya kichwa changu."

Walihamisha kitanda, sanduku na msalaba. Katika chumba kitupu Juliana alipanga matenga yake ya nyanya. Aliona amepata njia ya katikati. Mama yake yuko salama, na nyumba bado ni ya mama yake. Katika wiki zile hakukuwa na jambo alilojivunia moyoni kuliko hilo.

Kalinga alirudi baada ya Mwaka Mpya, buti zake zimejaa matope. Alisimama njiani akautazama ukuta mweupe. Alipitisha kiganja pale alipodhani kiraka kingekuwapo.

"Walisiriba," alisema.

"Ni zawadi ya jumuiya," alijibu Bibi Bertha kutoka kwenye kigoda chake. "Ninyi si mmetangaza?"

"Tumetangaza, bibi." Alimgeukia Juliana. "Nikibandua udongo huu nitaharibu kiraka pamoja nao, sitajua nani amekipasua. Nakuuliza wewe. Walipokifunika, kilikuwa kizima?"

Bibi Bertha aliinama akaokota kijiti. Wanawake wawili walipita na ndoo kichwani, wakapishwa, wakaendelea.

"Kilikuwa kizima," alisema Juliana.

Kalinga alimtazama, si kwa ukali. Alitoa timazi mfukoni, akaupima uzito wake mkononi, akatazama mawingu yaliyokuwa yakishuka juu ya mawe. Kisha akairudisha mfukoni, akaandika neno moja kwenye karatasi, limekarabatiwa, akatia sahihi.

Januari ile mvua ilinyesha kama iliyosahau kazi nyingine. Udongo wa mteremko ulilainika. Maji yalitiririka chini ya msingi yakatokea njiani, na watu walipita kwa kuushika ukuta wasiteleze.

Mchana mmoja Juliana alikuwa kibarazani akitenga nyanya zilizooza. Alisikia kishindo kama cha lori linalomwaga mawe, na nyumba nzima ikatikisika. Aliruka akaingia ndani. Mama yake alikuwa ameketi kitandani sebuleni, rozari mkononi, macho yamemtoka, lakini hana hata mkwaruzo. Juliana alipiga magoti sakafuni akakilaza kichwa chake mapajani mwa mama yake. "Asante Mungu," alisema. "Asante Mungu." Alilirudia neno hilo mara nyingi, naye Bibi Bertha akampapasa kichwa kama mtoto.

Ndipo aliposikia nje, upande wa bomba, mwanamke mmoja akiliita jina la Eveline. Aliliita kwanza kama mtu anayeuliza.

Juliana alifungua mlango wa chumba. Matenga yalikuwa palepale alipoyapanga, moja juu ya jingine, hakuna lililoanguka. Mbele yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mvua, na njia, na rundo la udongo ambalo watu walikuwa wakilichimba kwa mikono. Kando ya rundo ndoo ya njano ilikuwa imesimama wima, ikijaa maji ya mvua.

Kalinga alikuja siku ya pili ya msiba. Alikuwa na fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Waliketi kibarazani watatu, kama mara ya kwanza, lakini safari hii hakuna aliyetania. Kutoka nyumba ya tatu zilisikika sauti za akina mama wakipika.

"Kuna mahali pa chanzo," alisema. "Nimeandika mvua." Kalamu yake ilikuwa bado imegusa karatasi. "Na pa mmiliki nimeandika marehemu."

Bibi Bertha alikuwa akitazama sakafu. Tangu siku ile alikuwa hajatia kitu kinywani zaidi ya maji.

"Kiraka kilipasuka," alisema Juliana. "Kilipasuka kabla ya Krismasi. Nilikigusa kwa kidole changu. Ulipouliza, nilidanganya."

Kalinga hakuinua kichwa. Matone yalidondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye sufuria iliyowekwa chini yake.

"Timazi ilikuwa mfukoni mwangu," alisema baadaye. "Ingechukua muda gani kuining'iniza?" Akakata kwa mstari mmoja lile neno mvua. "Nikiandika hivyo, dada, polisi watakuita. Wataniita na mimi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mwandike na mimi," alisema Bibi Bertha. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mkaaji. Mimi ndiye niliyewaambia waanzie kule."

Juliana hakungoja amalize kuandika. Alijifunga khanga, akashuka kwa njia ya juu, kwa kuwa ile ya bomba ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Kwa marehemu Eveline walikuwa wamefunga turubai. Wanawake wa jumuiya, walewale, walikuwa wameketi kwenye majamvi wakikata mboga, na mmoja alisogea ampishe nafasi, akamnyooshea kisu. Saulo, mume wa Eveline, alitoka ndani. Alikuwa mwendesha lori, mtu mpana, naye alimshika Juliana mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole na wewe, dada," alisema. "Nyumba ya mama imebaki wazi na mvua hii. Tukishazika, vijana watakuja kuwazibia kwa mabati. Ni mvua tu. Nani angejua."

Juliana aliuacha mkono wake pale ulipokuwa.

"Shemeji Saulo," alisema, "haikuwa mvua tu. Mimi nilijua."

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini kwenye majamvi kisu cha kwanza kilinyamaza, na cha pili, mpaka ikasikika mvua peke yake juu ya turubai, na Saulo alikuwa bado hajauachia mkono wake.