Chuma Kilipolia

Magesa alikuwa mlangoni pake anakunywa uji, chuma kikalia. Kilikuwa rimu la lori lililotundikwa mtini kule mfereji unakotokea mtoni. Budeba, mlinzi wa mfereji, akishaachia maji analigonga, na kila mwenye shamba anakwenda kufungua lango lake. Kwa walio mbali, wenye nyumba za katikati wanagonga vyuma vyao wenyewe kuupeleka mlio mbele. Ndivyo walivyoishi pale bondeni, nyuma kidogo ya Igawa, bila kutoana ngeu kwa ajili ya maji.

Leo Magesa hakuinuka. Miche ya mpunga kitaluni ilikuwa michanga mno kwa maji mengi, na mbegu zenyewe alizifuata Mbeya kwa kubembeleza watu. Nyingine hakuna. Kitalu kile kikifa, mwaka huo wa sabini na sita nyumba yake haipandi mpunga.

"Baba Ngolo," mkewe Roza aliita kutoka nyuma ya nyumba, "umefungua maji?"

"Si unaniona nimekaa hapa?"

"Basi njoo uone."

Alizunguka nyumba na bakuli mkononi. Bakuli likamponyoka. Kitalu kilikuwa ziwa. Miche ilielea, mizizi juu. Lango la chini alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, na maji yalikuwa yanatoka huko huko. Magesa alisimama kama mtu aliyezabwa kibao na asiyemjua.

Kisha akakimbilia chuma chake, akakigonga kwa nguvu, watu waje kumsaidia.

Maji yakaongezeka.

Alipofika langoni akitweta, alimkuta Limbu, kaka yake Roza, ameshika mbao mbili za lango, anatabasamu.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nafungua maji. Chuma kimelia, nikatoa ubao. Kimelia tena hapo kwako, nikajua hayatoshi. Nikatoa na huu."

"Nani kakutuma?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Mwaka jana, ulipokwenda Iringa na mguu wako. Ulisema chuma kikilia nifungue, lambo lijae."

Ilikuwa kweli. Magesa alilala Mlandege, mtaa wa huko Iringa, kwa rafiki yake Edmund, akiuguza mguu, na kazi ya maji akamwachia Limbu. Aliporudi mvua zilikuwa zimekwisha, Limbu yuko malisho ya mbali na ng'ombe. Magesa akalifukia lambo walilokuwa wakinywea ng'ombe, kwa kuwa udongo wa pale ulijaa samadi, akapafanya kitalu. Limbu alirudi juzi tu. Agizo la mwaka jana, Magesa alidhani limekwisha lenyewe, kama mvua.

"Lambo nimelifukia," alisema.

"Hukuniambia."

"Ungeuliza."

"Niulize nini, na wewe mkubwa umeshasema? Ungesema acha, ningeacha."

Magesa alimnyang'anya mbao, akazirudisha mahali pake kwa ngumi na magoti. Maji yakapungua. Kutoka pale aliona kona ya juu ya kitalu bado imesimama, kijani. Kidogo, lakini ingetosha kupanda kipande cha shamba. Akashusha pumzi.

"Sasa nisikilize. Kuanzia leo chuma kikilia, usifungue."

"Sawa, shemeji. Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe gani?"

"Si ulisema nikienda kufungua maji niwatoe kabisa zizini waje kunywa?" Limbu aliangalia upande wa nyumba. "Nimeshawatoa."

Magesa alisikia kengele za shingoni. Alikimbia mpaka mguu ule wa zamani ukamkumbusha kwamba upo.

Ng'ombe walikuwa wamejipanga kwenye kona ya juu, kwato ndani ya matope ya kijani, wanakunywa taratibu palipokuwa lambo lao. Hakuna aliyewaongoza. Walipajua. Roza alisimama mbele yao na mwiko wa ugali, hajui ampige yupi kwanza.

"Baba Ngolo," alisema, bila kupandisha sauti, "na hawa nao uliwaambia wewe?"