Kizimba cha Mbu wa Bondeni

Mjomba hakuwa mjomba wake wa damu, ila ndiye aliyempokea kazini kwenye maabara ya mbu na kumfundisha kuvuta mbu kwa mrija bila kuwameza. Kwa hiyo asubuhi binti alipokuta kizimba cha mbu wa bondeni kitupu, wavu umechanika ubavuni, aliuliza kwa adabu.

"Mjomba, wangu wako wapi?"

"Nimekuokolea, mwanangu. Walikuwa wanatoroka, nikawahamishia humo kwa wenzao." Akaonyesha kizimba cha mbu wa mjini.

Binti akainama, akachungulia. Miguu mirefu, mkia juu, wote walewale. Hata mama yao asingewatenganisha. Tofauti yao ilikuwa ndani, kwenye damu ya ukoo. Mbu wa mjini wakigusa dawa ya ukutani walianguka. Wa bondeni walisemekana kurithishana ugumu wa kuistahimili, mzazi kwa mtoto. Kesho wageni wafadhili wangekuja kuwajaribu kwa dawa na kulinganisha vinasaba vyao, ndipo iamuliwe bonde lipuliziwe nini. Na huko bondeni alikuwa mama yake, ambaye nyumba yake ilipuliziwa dawa, na homa bado ilikuwa inamrudia.

Msimamizi wa maabara alisikiliza mkasa wote, akajikuna kisogo.

"Wagawe. Nusu andika bondeni, nusu mjini."

"Nitawajuaje?"

"Hutawajua, na hakuna atakayewajua. Nikiwaambia wageni sina mbu, mradi unafungwa, tunarudi nyumbani kuumwa bure."

Mjomba alicheka. Binti hakucheka.

"Bosi, wakifa nusu mtasema dawa inafaa kidogo. Mama yangu naye apone kidogo?"

"Usinipande kichwani. Umeishia la saba, mimi ndiye ninayekupa maagizo."

"Sikatai kwamba niliishia la saba. Nakataa kuandika uongo."

"Nikitoka kupiga simu, nikute vizimba viwili," alisema msimamizi, akatoka.

Binti alibeba kizimba kwa mikono miwili, akakisukumiza ndani ya friza, akafunga. Kisha akavuta kigoda, akaketi, mgongo kwenye mlango wa friza.

"Utatufukuzisha, mwanangu," Mjomba alinong'ona.

"Nitafukuzwa mimi. Wewe sema ulikuwa chooni."

Msimamizi akarudi. "Kizimba kiko wapi?"

"Kwenye friza."

"Kitoe."

"Ngoja kwanza wagande vizuri. Waliokufa hawajaribiwi kwa dawa."

Msimamizi akanyoosha mkono kushika mpini. Binti hakusogea hata kidole, na mpini ulikuwa nyuma ya bega lake. Kumgusa alishindwa. Mjomba, aliyekuwa akikodolea macho sakafu muda wote, akaja akasimama kando ya kigoda na kile kizimba kilichochanika kwapani.

"Mimi ndiye niliyewachanganya, Bosi," alisema. "Chooni sikuwepo."

Msimamizi akashusha mkono. "Sasa wageni niwaambie nini?"

"Niite, niwaambie mwenyewe," alisema binti. "Wakitaka mbu wa bondeni, madimbwi ya huko yamejaa viluwiluwi. Wavue viatu, twende tukachote."