Mkate wa Shayiri kwa Ino

Ino alikuwa binadamu kama mimi na wewe, kabla hajajitupa baharini na mwanawe mikononi na kuibuka mungu. Wenye mji walisahau upesi kwamba alikuwa mama. Walichokumbuka ni kwamba mumewe alimsaliti na mjakazi. Ndiyo maana siku ya sikukuu yake mtumwa hakanyagi ua wa hekalu lake, na mlinzi husimama mlangoni na mjeledi.

Melino alikuwa mjakazi wa Nikareta. Binti yake, Kleo, aliuzwa kwa sababu sura yake ilifanana mno na ya bwana wa nyumba. Baadaye baharia alileta habari kwamba mtoto amefariki kwa homa. Nikareta aliipokea habari hiyo, akainyamazia, akaagiza aletewe tini. Hakujua kwamba Melino alikuwa nyuma ya mlango. Tangu hapo Melino aliamka na chuki na kulala nayo.

Sasa Nikareta alitaka ukuhani wa Ino. Anayeuomba hukanda mkate wa shayiri kwa mikono yake mwenyewe, akautupa katika kidimbwi cha mungu. Ukizama, amekubaliwa. Ukielea, amelaaniwa, na hakuna atakayeoa kwake.

"Kanda wewe," Nikareta alisema, akizitazama kucha zake. "Na ukifungua huo mdomo wako, nitakuchuna ngozi."

"Nimwambie nani, bibi? Nani atanisikiliza?"

Melino akaukanda mkate mtupu katikati, wote hewa, na ulipoiva akaupaka nta, maji yasiingie.

Siku ya sikukuu alingoja nje ya ua. Nyimbo zilikatika ghafla, na mwanamke akapiga ukelele: "Mama wee, umeelea!" Wanawake wakatoka mbio wamejifunika nyuso, wakasimama mbali. Melino alisikia raha mpaka akaogopa atacheka.

Nikareta alitoka wa mwisho, akamkamata mkono.

"Umeufanya nini mkate wangu, mchawi wewe?"

"Wako? Waambie basi, bibi, nani aliukanda."

Nikareta akanywea. Aliyekataliwa na Ino huishi na aibu yake tu, lakini aliyemletea mkate wa mkono wa mtumwa hupigwa mawe. Akapiga magoti vumbini, bibi mzima.

"Sema uliubadilisha njiani," alinong'ona. "Nisaidie, Melino. Nitamrudisha Kleo wako. Naapa kwa Ino, kesho namtuma mtu akamkomboe."

Melino alikuwa amepanga kuishia kwenye aibu ile tu. Angerudi nyumbani, akapike, amtazame bibi yake akinyauka taratibu, na ngozi yake mwenyewe ingesalimika. Lakini aliposikia jina la mwanawe likitumiwa hivyo, hakuitaka tena ngozi hiyo.

Akamgeukia mlinzi, akainua mikono yote miwili juu.

"Njoo na mjeledi wako, baba!" alipaza sauti, kila mwanamke asikie. "Mkate wa Nikareta nimeukanda mimi."